Kilo Kamili

Jodari walirudi saa nne asubuhi, kwa tuktuk ileile iliyowapeleka. Kilo 22 ndani ya masanduku mawili, pamoja na karatasi ya mapokezi isiyotiwa sahihi. Ilikuwa Februari 2018. Kaskazi ilikuwa imetulia, Malindi imejaa wageni wa Kiitaliano, na sisi wauza samaki tulikuwa tumezoea kwamba mwezi kama huo hoteli haichagui. Nikampigia simu mpishi wa hoteli ile, iliyoko upande wa barabara ya Casuarina, nikiwa na hakika kwamba anatafuta kupunguziwa bei.

"Dada," akaniambia, "sijasema samaki wako ni wabaya. Nasema sijui yupi mzuri na yupi mbaya mpaka nimpasue. Jumatatu mliniletea wazuri wa ajabu. Alhamisi nusu yao nyama imelegea. Leo sikutaka kupasua. Nimerudisha wote."

Nilimjibu kwa ukali, na hilo najutia mpaka leo. Kisha nikafungua sanduku mwenyewe. Barafu ilikuwa tabaka jembamba juu, ya kuonyesha. Chini yake samaki walikuwa wamelala ndani ya maji ya vuguvugu.

Asiyeijua kazi hii ataona mpishi alizidisha. Hakuzidisha hata kidogo. Jodari si samaki kama changu. Akiachwa kwenye joto letu hili bila barafu, bakteria huanza kugeuza nyama yake na kuzalisha sumu iitwayo histamini, na hiyo ikishaingia haitolewi na moto, wala chumvi, wala ndimu. Samaki anaweza asinuke kabisa. Anayemla uso humwiva mwekundu, kichwa humgonga, mwili humwasha, na yote hayo huja upesi, pengine hata kabla hajaondoka mezani. Mpishi mwenye watu themanini ukumbini hawezi kubahatisha. Alichokuwa akinunua kwangu siku zote ni ule utulivu wa kutolazimika kumchunguza kila samaki, na mimi nilikuwa nimemnyang'anya utulivu huo huku nikimtoza bei yake.

Biashara ilikuwa ya baba. Alianza kwa baiskeli na pakacha mbili, akizunguka Shela na Barani, mpaka akawa tajiri, kwa maana ile ya wavuvi: mtu anayewapa nyavu, mashine na mafuta kwa mali kauli, na wao wakirudi baharini humletea yeye samaki wao. Alipofariki mwaka 2015 aliacha pikapu moja, chumba cha baridi, duka la mjini, wafanyakazi kumi na wanne, na daftari za madeni zilizojaa kabati zima. Mimi nilikuwa mhasibu katika ofisi ya watu. Nikarudi nyumbani kuushika usukani, nikaamini kwamba kwa kuwa najua hesabu, najua biashara.

Nilichokuwa nakijua ni kubana. Nilibana mafuta, nikabana barafu, nikabana malipo ya saa za ziada. Mwaka wa kwanza faida ilipanda na nikajiona nimefaulu. Mwaka wa pili ikasimama. Wa tatu ikaanza kushuka, hoteli moja baada ya nyingine ikipunguza oda bila kusema kwa nini, na mimi nikazidi kubana. Wateja hawa wa pwani wana adabu nyingi. Hakugombezi mtu. Anaacha tu kupiga simu.

Baada ya wale jodari kurudishwa nilipata wazo la kujinunulia mwenyewe. Nilimpa mtoto wa dada yangu pesa, nikamtuma dukani kwetu akanunue kilo moja ya changu, asiseme ametumwa na nani. Nikapima nyumbani kwa mizani ya jikoni. Gramu 880. Kesho yake nikamtuma mtoto wa jirani akanunue tafi: gramu 890. Siku ya tatu, 870.

Mizani ya dukani ilikuwa na muhuri wa maafisa wa vipimo, halali kabisa, haikuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa mkononi. Sinia ya kuwekea samaki ilikuwa haiondolewi kwenye hesabu, na mshale ulikuwa unasomwa kabla haujatulia. Nilimwita kijana wa mizani. Alikuja kwetu akiwa na miaka kumi na minane, baba mwenyewe alimfundisha kupara magamba, na mimi nilikuwa nimejiandaa kumfukuza siku hiyohiyo. Nilimwonyesha zile namba tatu.

Hakukana wala hakuomba radhi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi.

"Bi, kule Ngomeni kwenye kila kilo kumi twakata moja ya maji. Wewe ndiwe ulotuambia. Mimi nilijua ndiyo desturi ya kampuni."

Hiyo kilo ya maji nahitaji kuieleza, kwa sababu ndiyo kiini cha yote. Samaki akitoka chomboni huwa na maji na utelezi, na baadhi ya wanunuzi hukata uzito kidogo kwa ajili hiyo. Baba, katika mwaka mmoja mbaya, alianza kukata nusu kilo kwa kila kilo kumi. Mwaka ulipokuwa mzuri hakuiondoa. Mimi nilipoingia nikaifanya kilo nzima, mwaka 2016, nikaiandikia safu yake kwenye daftari: "maji". Nilikuwa mhasibu, kila kitu nilikiandika. Sikuwahi kuiona kama wizi. Niliiona kama mstari wa hesabu, na kila mwisho wa mwezi mstari huo ulinifurahisha.

Sikumfukuza yule kijana. Ningemfukuzia nini? Alikuwa amejifunza kazi kwa kuniangalia mimi, akaifanya kwa uaminifu. Alivyoona tunavyompimia mvuvi, ndivyo alivyompimia mteja, na pesa ya ziada hakuitia mfukoni mwake: aliiingiza kwenye droo ya kampuni. Mimi ndiye niliyekula zile gramu 120.

Usiku nilimweleza mama. Hakunifokea. Alisoma aya za mwanzo za Suratul Mutaffifin, polepole, kama alivyokuwa akitusomesha tukiwa wadogo. Ni sura ya 83, naijua kwa moyo tangu chuo cha Kurani: inaanza kwa kuwaonya wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka watimiziwe, na wakiwapimia wengine hupunguza. Nimeisoma katika sala mara ambazo siwezi kuzihesabu. Usiku ule niliona kwamba inataja pande zote mbili za mizani, upande wa kununua na upande wa kuuza, na mimi nilikuwa nimekosa kote kuwili.

Jumamosi nikaenda Ngomeni na daftari zangu. Ukitoka Malindi unavuka mto Sabaki, unapita Mambrui, Gongoni na mashamba ya chumvi, halafu njia inakatia baharini. Huko ndiko kwenye majukwaa ya Waitaliano yaliyotumika kurushia setilaiti, na wazee wa pale bado husimulia ile iliyopewa jina la Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970. Wavuvi wamezoea kuona watu wakubwa wanakuja, wanafanya yao, wanaondoka. Nilipoomba wakae nizungumze nao, walikaa, lakini kwa uso wa watu wanaosubiri kupunguziwa bei.

Niliwaambia kwamba kilo ya maji imekwisha kuanzia siku hiyo. Kisha nikawaambia kwamba nimejumlisha ile safu kwa miaka miwili niliyoikata mimi, nahodha kwa nahodha, na kila mmoja nitamlipa chake kidogo kidogo kila wiki mpaka kiishe. Jumla yake ilikuwa kubwa kuliko thamani ya pikapu. Nilisoma majina na kiasi. Sikujua sauti yangu ingetetemeka vile.

Walinyamaza muda mrefu. Mwishowe nahodha mmoja mzee, aliyefanya kazi na baba tangu enzi za tanga, akasema:

"Mwanangu, sisi twajua. Twajua tangu siku ya kwanza. Kwani ulidhani samaki wazuri twakupa wewe?"

Wenzake wakainamisha vichwa. Akaendelea, bila ukali wowote. Samaki aliyevuliwa wa kwanza, aliyelala juani ngamani tangu alfajiri, ndiye wangu. Aliyevuliwa wa mwisho, akingali anapigapiga mkia, huuziwa mwengine, hata kama deni la nyavu ni langu. Mimi nikiwakata kilo, wao wananikata ubora. Hesabu ilikuwa imelingana, ila mimi nilikuwa sioni upande wao wa daftari.

Kwa hiyo jodari waliorudishwa na mpishi waliharibika siku ile nilipoandika neno "maji" juu ya safu. Nimesoma mengi tangu wakati huo juu ya namna ya kuinua kampuni, na nimehudhuria semina kadhaa Mombasa. Sijakutana na jambo lililonifunza kuliko sentensi ile ya mzee.

Sasa barafu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi wakisikia habari za uongozi na maadili hudhani ni mambo ya hotuba, wakati sehemu kubwa ilikuwa ni barafu. Kanuni katika nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na iwe tangu baharini, mara tu samaki anapotolewa majini. Sisi tulikuwa tunaweka barafu nchi kavu, samaki akiwa ameshakaa muda wa saa sita au saba tangu avuliwe. Barafu ikiwekwa kwa kuchelewa inampoza samaki ambaye tayari ameanza kuharibika.

Wavuvi hawakuitaka. Sanduku la barafu linakula nafasi kwenye mashua, linaongeza uzito, na uzito ni mafuta. Walikuwa na haki, na kuwapa mawaidha kusingepunguza lita hata moja. Nikaweka bei mbili. Samaki aliyetiwa barafu tangu baharini, akapasuliwa tumbo na kutolewa matamvua, akaoshwa kwa maji safi ya chumvi, bei ya juu. Asiyetiwa, bei ya kawaida. Jodari asiyetiwa barafu sinunui kabisa. Barafu ya kwenda nayo naitoa mimi bure. Wazee wetu husema samaki mmoja akioza wote huoza, na ni kweli, lakini anayefanya kazi hii anajua pia mahali uozo unapoanzia: tumboni na kwenye matamvua, sehemu zisizoonekana akiwa amelala vizuri kwenye meza. Ndiyo maana tukasema tumbo litolewe kulekule baharini.

Miezi sita ya kwanza ilikuwa migumu sana. Nalipa deni la kilo za maji, nalipa barafu, nalipa bei ya juu, na duka linapima kilo kamili. Kila mwisho wa mwezi nilipiga hesabu zaidi ya mara moja, nikitumaini nimekosea. Niliuza kiwanja changu kidogo cha Kisumu Ndogo ili mishahara itoke. Sitasema nilikuwa jasiri. Niliogopa kila siku, na mara mbili nilikaribia kuirudisha ile safu, hata nusu kilo tu, kama baba.

Kilichonizuia ni kwamba nilikuwa nimekwisha wasomea watu hadharani.

Wakati huohuo nikaanza kuwazungukia wateja, bila daftari ya oda mkononi. Nilikuwa nauliza swali moja: ni kitu gani kinakusumbua kuhusu samaki? Nilidhani wote wangesema bei. Bei waliitaja wachache.

Wapishi wa hoteli walisema wanataka kujua kabla ya saa mbili asubuhi kama samaki wapo au hawapo. Wengi walisema hata kutopata si tatizo. Tatizo ni kuahidiwa halafu saa tano unaambiwa gari liko njiani. Akina mama wa majumbani walisema wamechoka kubeba samaki mzima na kwenda kumpara usiku baada ya kazi. Mzee mmoja anayeishi peke yake alisema kila mara analazimishwa kununua samaki mkubwa kuliko uwezo wake wa kula. Haya nilikuwa nayapita kila siku kwa miaka mitatu.

Lakini walionishika moyo ni mama karanga, wale kina mama wanaokaanga samaki na kuuza jioni vichochoroni. Kwa kampuni yangu walikuwa watu wa kumalizia mabaki. Hoteli kwanza, kisha duka, kisha kilichobaki, saa sita mchana, ndicho chao. Mmoja wao aliniambia, "Bi, twanunua kila siku ya Mungu, kusi na kaskazi, tena kwa taslimu. Hoteli yako yakulipa baada ya siku sitini. Pesa yetu ina walakini gani?"

Nikarudi ofisini nikatazama vitabu vyangu. Alisema kweli. Walinunua kila siku ya mwaka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniachia deni mbaya. Kesho yake tukafungua mlango wa nyuma saa kumi na moja alfajiri kwa ajili yao, samaki wadogo wakiwa wametengwa tangu usiku, kwa bei ileile kwa kila mmoja, iliyoandikwa. Hakuna tena wa kumjua karani ndiyo apate.

Dukani tukatundika ubao. Kila asubuhi unaandikwa: aina ya samaki, bahari aliyotoka, siku aliyovuliwa. Nguru, Ngomeni, leo. Tewa, Mambrui, jana, na bei yake imeshuka. Wafanyakazi waliniambia hakuna atakayenunua samaki aliyeandikwa "jana". Wakanunua. Samaki aliyetiwa barafu vizuri tangu baharini hukaa siku kadhaa akiwa mzuri, na watu wanalijua hilo. Walichokuwa hawajakizoea ni mwenye duka kuwaambia mwenyewe. Na kusi ikivuma, Juni na Julai, mashua ndogo zikashindwa kutoka, ubao uliandikwa "Hakuna", na mimi nikawapigia wapishi simu kabla ya saa mbili kuwaambia hivyo hivyo. Mwanzoni mdomo ulikuwa mzito. Tajiri wa samaki hakufundishwa kusema hana.

Jambo lililoniuma zaidi halikuhusu samaki. Lilikuja mwaka 2019.

Mtoto wa ami yangu ndiye aliyekuwa akishika mauzo ya hoteli. Alifanya kazi na baba, anapendwa, ana ulimi mzuri, na hoteli kubwa kuliko zote tulizonazo aliileta yeye. Nikipitia risiti nikakuta kiasi fulani kinatoka kila mwezi kwa jina la usafiri, na hakuna gari lililokwenda. Nilipomuuliza akaniambia bila kujificha: ni chai ya mnunuzi wa ile hoteli. Bila hiyo, oda inakwenda kwa mwengine. "Dada, huyu si mvuvi wa Ngomeni," akasema. "Hapa hakuna anayeonewa. Yeye afurahi, sisi tufurahi."

Nililala na neno hilo siku tatu. Ni kweli hakuna nahodha aliyekatwa kilo hapo. Lakini yule mpishi anayepika, na mwenye hoteli anayelipa, walikuwa wananunua samaki wetu kwa sababu mtu wa tatu amelipwa awachagulie. Siku samaki wetu wakiwa wabaya, mnunuzi angenyamaza, kwa kuwa ndiyo kazi aliyolipwa. Nisingepata tena simu kama ile ya Februari. Na nilikuwa na wafanyakazi kumi na watatu wengine wanaotazama ninavyofanya kwa mtu wa damu yangu baada ya kuwaambia wao wapime kilo kamili.

Nilimwambia chai isimame, na yeye abaki kazini. Akasema basi naye hawezi kubaki, maana nimemvunjia heshima mbele ya watu wake. Aliondoka, na hoteli ile ikaondoka naye. Ilikuwa karibu theluthi ya mauzo yetu ya msimu. Ami hakuja kwetu Idi ile. Mama alinikasirikia kuliko alivyokasirika kwa habari ya mizani, akasema kampuni haizai ndugu. Sikuwa na jibu la kumtuliza, na mpaka sasa sina. Nashikilia kwamba nilifanya lililo sawa, na bado kila Idi natazama mlango.

Nikiwafundisha vijana wangu habari za msimamo, huwa nawaambia pia gharama hii, nisije nikawapa nusu ya habari. Watu wengi wanaokufundisha uadilifu kazini wanakuambia utalipwa. Wakati mwingine unalipwa. Wakati mwingine unampoteza mtu uliyekua naye uwanja mmoja.

Kisha ukaja mwaka 2020. Tarehe 25 Machi ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa. Tarehe 27 marufuku ya kutoka usiku ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na wavuvi wa jarife ambao kazi yao ni usiku wakabaki wanatazama nyavu. Tarehe 8 Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka kaunti ya Kilifi. Hoteli zote zikafungwa ndani ya wiki mbili. Malindi niliyozaliwa sijawahi kuiona kimya vile.

Niliwaita wafanyakazi, nikaweka vitabu mezani, nikawaomba wasome wenyewe. Kulikuwa na pesa za miezi miwili. Tulikubaliana hakuna atakayeachishwa. Kila mmoja achukue nusu, na mimi nisichukue kitu. Hilo la kufungua vitabu lilinitia aibu kidogo wakati ule, kwa kuwa baba asingelifanya. Lakini mtu ukimwomba akubali nusu mshahara, ana haki ya kuona ile nusu nyingine haipo.

Waliotubeba ni mama karanga na watu wa majumbani. Ramadhani iliingia mwisho wa Aprili, watu wamefungiwa, wanataka samaki wa kupaka na wa mchuzi wa nazi kwa futari. Wanaagiza kwa simu, wanalipa kwa M-Pesa, na samaki anafika mlangoni ameshaparwa na kukatwa, amefungwa kwenye kipakacha cha makuti kwa kuwa mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Agosti 2017. Yule mzee anayeishi peke yake alikuwa akiagiza vipande viwili, na vipande viwili tulimpelekea.

Mwezi wa tano muuzaji mmoja wa jumla aliniletea habari njema, kwa maoni yake. Alikuwa na shehena ya samaki wa barafu walioganda, wa zamani, bei ya kutupa. Ukiwayeyusha usiku na kuwamwagia maji ya chumvi, mtu wa kawaida hatambui. Kwa hali yetu ya wakati ule, faida yake ingelipa mishahara kamili. Sikutaka kukataa peke yangu kwa niaba ya watu wanaokula nusu. Nikawaeleza wote asubuhi, karibu na mizani.

Wakatazamana. Kuna aliyesema watu wana njaa, samaki hao si sumu. Kuna aliyesema Mungu anajua hali yetu. Yule kijana wa mizani alikuwa ameshika chaki, maana ilikuwa saa ya kuandika ubao.

"Tutaandika nini?" akauliza.

Hakuna aliyemjibu. Akangoja kidogo, kisha akaandika: Changu, Mambrui, leo. Pweza, Ngomeni, jana. Tukaendelea na kazi.

Ndege za nje zilirudi tarehe 1 Agosti, lakini wageni walichelewa sana. Hoteli ya barabara ya Casuarina ilifungua milango Desemba. Mvua za bara zilikuwa zimeshuka, Sabaki imemwaga tope, bahari nyekundu mpaka mbali, na mashua zilikuwa zikirudi na kitu kidogo. Mpishi alinipigia kabla ya saa mbili. Alitaka kilo 30 za jodari kwa chakula cha kwanza cha usiku.

Nikamwambia jodari hakuna. Nina nguru, kilo 11, wamevuliwa alfajiri, barafuni tangu huko. Nikamtajia na jina la mwenzangu mmoja wa Watamu ambaye huenda ana wengine.

Akakaa kimya kidogo, nikamsikia anaongea na mtu jikoni.

"Lete hao kumi na moja," akasema. "Orodha ya chakula tutaibadilisha."

Kijana akawapanga nguru kwenye sanduku, barafu chini, barafu katikati, barafu juu. Walipofika walipokewa mlangoni, na karatasi ikarudi na sahihi.